WACHEKESHAJI NA KAZI ZA UPUUZI: SOMO DOGO JUU YA KUCHEKA



Nimepewa kurasa za somo katika namba hii. Nilipomwambia mwalimu anayesimamia gazeti letu kwamba nitaandika juu ya televizyo, alinyamaza kidogo, akavua miwani, akaniuliza: "Kapita, kweli hiyo ni somo?" Nikamjibu: "Mwalimu, uningoje nimalize kwanza." Basi ninyi pia mningoje.

Siku zile za Februari 2025, ambazo mtu wa Bukavu hana haja ya kuelezwa, masomo yalisimama na kila familia ikabaki ndani. Yaya wangu alikuwa ameweka vipindi kadhaa vya televizyo ya Uingereza ndani ya telefone yake. Usiku tulizima taa, tukashusha sauti kabisa, watu sita vichwa vikigongana mbele ya kioo kidogo kama kiganja. Mama hajui hata neno moja la Kiingereza. Lakini yeye ndiye aliyecheka kupita wote, mpaka akajaza kitenge mdomoni ili sauti isitoke nje. Mimi nilimtazama yeye kuliko nilivyotazama telefone. Nikajiuliza: kitu gani kinamchekesha, ikiwa maneno hasikii, na kesho hatujui itakuwa namna gani? Swali hilo njo limeleta somo hili.

KIPINDI CHENYEWE

Kipindi kinaitwa Taskmaster. Maana yake ni msimamizi wa kazi, au kwa lugha yetu ya hapa Kivu, kapita. (Ndiyo, najua mnacheka. Tutarudi hapo.) Babu zetu walimjua kapita katika mashamba ya chai na ya kinini: yule anayesimama na kuhesabu huku wengine wakiinama.

Aliyebuni kipindi hicho ni mchekeshaji Alex Horne. Alianza mwaka 2010 kwenye tamasha la Edinburgh, huko Scotland, kwa kuwapa wachekeshaji wenzake 20 kazi za upuuzi, kisha akapima nani amezifanya vizuri. Mwaka 2015 kikaingia katika televizyo, na tangu mwaka 2020 kinaonyeshwa na Channel 4. Kila msimu huitwa wachekeshaji watano. Bwana mkubwa ni Greg Davies, mtu mrefu kupita mita mbili, ambaye zamani alikuwa mwalimu wa shule ya sekondari, na jambo hilo linaonekana sana usoni mwake wakati anaposikia uongo. Anakaa juu ya kiti cha enzi. Alex Horne anakaa kando yake kwenye kiti kidogo, kama karani. Kazi zinakuja ndani ya bahasha iliyofungwa kwa nta nyekundu. Mtu anafungua, anasoma kwa sauti, saa inaanza kuhesabu. Wa kwanza anapata pwe tano, wa mwisho moja, na aliyevunja sheria anaweza kutoka mikono mitupu. Mwisho wa msimu mshindi anapata zawadi gani? Sanamu ya kichwa cha Greg Davies, rangi ya dhahabu. Hakuna gari, hakuna nyumba.

Na kazi zenyewe? Kula tikiti maji kadiri unavyoweza kwa dakika moja. Kuchora picha ya farasi ukiwa umepanda farasi. Katika ile ya tikiti, Romesh Ranganathan hakutafuta kisu: alilipiga chini likapasuka, akaanza kula kwa mikono. Mama yangu alisema: "Huyu amelelewa na nani?" Akacheka tena.

Lakini iliyomshika kabisa ni ile ya kiazi, ya mwaka 2016. Kiazi kimoja, na shimo kama lile la mchezo wa golf. Kuzunguka shimo kuna sehemu nyekundu ambayo hauna ruhusa ya kugusa. Ingiza kiazi ndani ya shimo. Wenzake walihangaika, kila mmoja na akili yake. Kisha akaja Joe Wilkinson, mwenye ndevu nyingi, sura ya mtu aliyeamka sasa hivi. Akakitupa. Kiazi kikaruka, kikaanguka, kikaingia shimoni mara ya kwanza! Akashangilia kama mtu aliyefunga goli kwenye fainali. Nasi tukashangilia kimyakimya, mikono juu.

Halafu, mbele ya watu wote, picha ikatazamwa tena polepole. Mguu. Mguu wa Joe ulikuwa umegusa sehemu nyekundu. Sifuri.

Mama akauliza: "Wamemnyima nini?" Yaya akaeleza. "Kwa ajili ya mguu tu? Aka! Hawana roho hawa watu." Kwa siku mbili nzima, wakati akichambua maharagi, Mama aliendelea na kesi ya Joe. Alikuwa wakili wake. Watu sita waliofungiwa ndani ya nyumba moja ya Bukavu wakabishana juu ya kiazi cha Uingereza, na kwa muda ule hakuna aliyezungumza habari nyingine.

MKEKA, KILIMA, NA EXETAT

Finalisti wenzangu, sehemu hii ni yenu. Msome polepole.

Katika msimu uleule kulikuwa kazi nyingine. Mipira mitatu mikubwa ya mazoezi, ile iliyojaa hewa na inayokimbizwa na upepo. Kilima. Mkeka juu ya kilima. Amri ilikuwa hivi, nikiiweka kwa Kiswahili: "Wekeni mipira hii mitatu kwenye mkeka juu ya kile kilima." Kufikisha mipira mitatu kule juu, na mikono ya binadamu ni miwili, ni taabu tupu. Ukikamata wa tatu, wa kwanza unateremka. Richard Osman, mtu mrefu mwenye miwani, yeye aliangalia karatasi zaidi ya kilima. Akaleta mkeka chini, akaweka mipira juu yake. Kazi imekwisha.

Ubishi ukazuka, na ni ubishi wa sarufi! Je, "juu ya kile kilima" ni habari ya mkeka, yaani mkeka upi? Au ni mahali ambapo mipira inapaswa kufika? Sentensi inakubali yote mawili. Kiswahili kina dawa ya ugonjwa huo. Ukisema "mkeka ulio juu ya kilima", ile "ulio" inaufunga mkeka na kilima, na bado Osman anaweza kujitetea kwamba anazungumza na mkeka uleule. Ukitaka kumziba njia, useme: "Pandisheni mipira hii mitatu mpaka juu ya kilima, muiweke kwenye mkeka uliopo pale." Hapo hata wakili hana neno.

Sasa fikirini item za EXETAT. Majibu matano, muda mfupi, na swali lenye neno dogo kama "isipokuwa" lililojificha katikati. Mwaka jana katika interro ya kemia tuliombwa kuonyesha miili ambayo SI asidi. Niliandika asidi nne, zote za kweli, kwa mwandiko mzuri. Nilipata mbili juu ya kumi. Mwalimu hakuandika kitu, alizungushia lile "si" duara la bik nyekundu. Ule ulikuwa mguu wa Joe.

Mwezi wa kumi tulijaribu wenyewe, katika jioni ya burudani. Wengi wenu mlikuwapo. Kazi iliandikwa hivi: "Pelekeni maji ya ndoo hii ndani ya chupa iliyo kando ya mti wa avoka. Msitumie chombo. Dakika tano." Wa kwanza alijaza maji mdomoni akakimbia, njiani mtu akamchekesha, na maji yote yakaishia kwenye shati la mwalimu wa jiografia. Wa pili alivua shati lake, akalichovya, akaenda kulikamulia kwenye chupa. Maji yalikuwa na rangi, lakini yalikuwa mengi. Wa tatu, msichana wa section Pedagojia, alitembea taratibu mpaka kwenye mti, akachukua chupa, akaileta kwenye ndoo, akaizamisha, akairudisha. Sekunde arobaini hivi. Akakaa kwenye majani akaanza kusuka nywele za mwenzake.

Mwalimu wa Kifaransa akasema ameshinda. Mwalimu wa hesabu akasema hapana: chupa ikiondoka kando ya mti si tena "chupa iliyo kando ya mti". Mwalimu wa Kifaransa akasema chupa haibadiliki kuwa chupa nyingine kwa sababu imetembea, "hata weye ukienda Uvira unabakia weye." Mwalimu wa hesabu akauliza kama shati si chombo. Walibishana mpaka kengele ikalia, wakaendelea njiani. Sijawahi kuona somo la sarufi lililofuatwa na wanafunzi mia tatu bila hata mmoja kusinzia.

KUSIMAMA KWENYE MTEREMKO

Jambo jingine ni la fizika, nitapita haraka, ingawa ndilo lililonifurahisha zaidi mimi mwenyewe.

Kwa baba mkubwa wangu niliona kipindi cha Ufaransa, Vendredi tout est permis, ambacho mtangazaji Arthur anakiongoza kwenye TF1 tangu mwaka 2011. Kuna mchezo unaoitwa le décor penché. Wanajenga chumba kizima chenye meza, viti, kitanda, lakini sakafu yake imeinama nyuzi 22,5. Kamera nayo imeinamishwa hivyohivyo. Kwa hiyo sisi watazamaji tunaona chumba kimenyooka, na watu ndio wamepinda kama walevi. Wanaambiwa: chezeni sehemu ya mgahawa, mmoja ni mhudumu, mwingine mteja. Maji yakimiminwa yanaenda upande. Mtu akisema "karibu ukae" anateremka mpaka ukutani, na anajaribu kuendelea na maneno yake kwa heshima.

Nilichukua kalamu. Mtu wa kilo 70 ana uzito wa nyutoni 686 hivi. Sini ya 22,5 ni 0,383. Basi nguvu inayomvuta kuteremka ni karibu nyutoni 263: kana kwamba gunia la kilo 27 limefungwa kiunoni mwake, likimvuta bila kupumzika. Na asiteleze anahitaji nini? Koefisienti ya msuguano kati ya kiatu na sakafu isiwe chini ya tanjenti ya 22,5, ambayo ni √2 toa 1, yaani 0,414. Mpira wa kiatu kwenye saruji kavu unapita hapo bila shida. Kwenye sakafu laini iliyopakwa rangi inayong'aa, na soksi, hapana.

Ndiyo maana nilicheka halafu nikaacha kucheka: huu mchezo tunaujua! Yeyote anayeteremka vijia vya Kadutu au Panzi mwezi wa Novemba, mvua imetoka kunyesha, viatu mkononi, daftari ndani ya sashe, ameshacheza décor penché bila kamera. Tofauti ni kwamba kamera yetu haikuinama. Na mama anayepanda na ndoo ya sambaza kichwani kwenye tope lile anafanya kazi ngumu kuliko wachekeshaji wote wa Paris. Wala hakuna anayempigia makofi. Wanafunzi wa Math-Fizika, mchukue rula na kamba, mpime ngazi inayoelekea refektwari yetu. Mimi nilipata nyuzi 19. Kuna mtu amepata 24, lakini ninafikiri alipima vibaya.

WA KWETU

Msifikiri mambo haya ni ya Wazungu tu. Televizyo ilianza katika nchi yetu mwaka 1966, huko Kinshasa, na wachekeshaji hawakuchelewa kuingia ndani yake. Wale wanaostahili somo hili zaidi ni wa Lubumbashi: kundi la Mufwankolo, lililochekesha kwa Kiswahili cha Lubumbashi, katika redio na katika televizyo.

Mwaka 1986 mtaalamu mmoja wa desturi za watu, Johannes Fabian, alikuwa Lubumbashi. Alisikia msemo "Le pouvoir se mange entier", yaani utawala unaliwa mzima, hauliwi vipande. Hakuuelewa vizuri, akawauliza wachekeshaji wa Mufwankolo: maana yake nini? Wangeweza kumjibu kwa sentensi moja. Wao wakasema: tutaufanyia mchezo. Wakakaa, wakabishana juu ya maana, wakagawana nafasi: nani mfumu, nani mzee wa kijiji, nani mhalifu. Hawakuandika maneno ya kukariri. Walijua tu mpangilio wa sehemu, na kila mmoja alitafuta maneno yake wakati wa kucheza. Mwishowe wakacheza mbele ya kamera za televizyo katika kijiji cha Kawama, nje ya Lubumbashi. Fabian akaandika kitabu kizima juu ya siku zile, kikatoka mwaka 1990.

Angalieni vizuri: hiyo nayo ni bahasha yenye nta! Mtu anakuja na kazi isiyofanyika, "mtuonyeshe msemo huu", na wachekeshaji wanaingia bila karatasi mkononi. Lakini kuna jambo ambalo Alex Horne hana. Neno walilopewa lilikuwa neno zito, juu ya wakubwa na namna wanavyokula, na ulikuwa ni mwaka 1986, wakati wa chama kimoja. Greg Davies ni mfalme wa uongo katika nchi ambako kumcheka hakuleti hatari. Wale wa Lubumbashi walicheza mfumu mbele ya watu waliojua mfumu wa kweli ni nini. Mimi kama ningekuwa mwamuzi, pwe tano ni zao.

Na jirani zetu wa Kenya walikuwa na Vioja Mahakamani, kesi za ajabu zinazosikilizwa na hakimu mwenye uso mkali. Wajapani nao walileta jaribu lililo gumu kuliko yote: mwaka 2016 mchekeshaji Hitoshi Matsumoto aliwafungia wachekeshaji kumi ndani ya chumba kimoja, na sheria ikawa moja tu: anayecheka anatoka. Mchezo ule umefika Ufaransa mwaka 2021, na Nijeria mwaka 2023 chini ya Basketmouth. Jaribuni darasani, watu wanne tu, dakika tatu. Mtaona kwamba uso unaojizuia ndio unaochekesha kuliko kichekesho chenyewe. Hapa ninafikiri nimepata nusu ya jibu juu ya Mama. Hakuhitaji Kiingereza. Alikuwa anasoma nyuso: uso wa mtu mzima mwenye akili, anayejaribu kwa nguvu zote kufanya jambo lisilo na faida yoyote, na anayeogopa kushindwa kana kwamba ni kesi ya shamba. Tena, kwa kazi zile za upuuzi, mwisho unajulikana: mtu akishindwa atapata pwe moja, ataenda kwake kulala. Kwetu siku zile hakuna aliyejua mwisho wa kitu chochote.

NANI ANACHEKWA?

Nusu ya pili ya jibu niliipata hapa shuleni, na ningependa kuificha, lakini itakuwa aibu.

Wiki mbili baada ya ile jioni ya burudani, saa nne ya usiku, nilikuwa nikizunguka dortwari na tochi. Nikasikia kicheko upande wa nyuma. Nikaenda. Vijana watano wakubwa walikaa juu ya vitanda. Chini, kwenye saruji, mtoto mmoja wa septième alikuwa ametambaa kwa magoti, njiti ya kiberiti mkononi. Walikuwa wamempa "kazi": apime urefu wa dortwari kwa njiti, aseme hesabu kwa sauti. Akikosea anarudi mwanzo. Alikuwa amefika mia mbili na kitu.

Mmoja akaniambia: "Kapita, usikasirike. Tunacheza tu. Iko kama kwa televizyo yako."

Na mimi nilicheka. Ninaandika hivyo kwa sababu ndivyo ilivyokuwa. Kwa sekunde mbili au tatu nilicheka, kwa kuwa njiti ya kiberiti kwenye dortwari ndefu vile ni kitu cha kuchekesha, na kwa kuwa mtoto alikuwa na uso uleule wa Joe Wilkinson, uso wa mtu anayehesabu kwa bidii. Kisha alinyanyua macho kunitazama, kuona kama kapita amekuja kumwambia ainuke au amekuja kutazama. Niliona magoti yake.

Mwaka nilipofika mimi hapa, nilipima dortwari ileile. Njiti ni karibu sentimita nne na nusu, dortwari ni mita 18, hesabu ni njiti 400. Ninaijua bila kugawanya, kwa kuwa niliifanya mara mbili. Aliyenipa kazi ile amekwisha kuondoka, ni mtu mzuri, sasa yuko chuo kikuu, na tukikutana mjini ananilipia fanta. Ninafikiri hakumbuki. Mimi ninakumbuka.

Basi nilikaa na kulinganisha, kama tunavyofanya kwenye fizika: vitu gani ni sawa, kitu gani kimebadilika? Kazi ni ya upuuzi, kule na huku. Kuna sheria, kuna mwamuzi, kuna watazamaji wanaocheka, kule na huku. Lakini Joe Wilkinson alikuja mwenyewe. Aliitwa, akakubali, akaweka sahihi, akalipwa. Kama asubuhi ile angesema "leo sitaki kutupa kiazi", hakuna ambaye angemngoja usiku nyuma ya dortwari. Ni mtu mzima mwenye jina, anayeshuka kwa mapenzi yake mwenyewe, na sisi tunafurahi kwa sababu aliye juu amekubali kuwa chini kidogo. Yule wa septième alikuwa chini tayari. Hawezi kushuka zaidi ila kwa magoti. Na ule utawala wa Greg Davies ni wa kuigiza, kiti chake cha enzi kinabaki studio. Wetu wa usiku hauigizwi. Kesho asubuhi ni yuleyule mkubwa anayegawa maji ya kuoga.

Wanaosoma Biblia wanajua kwamba neno hilo la Kiingereza, taskmaster, ndilo lililotumiwa katika tafsiri yao ya zamani kwa wale wasimamizi wa Misri katika Kutoka sura ya 1. Na kazi yao ya upuuzi iko sura ya 5: tengenezeni matofali bila kupewa majani, na hesabu ibaki ileile. Hakuna aliyecheka. Mahali ambapo watu walicheka ni Waamuzi 16, walipomtoa Samsoni gerezani, kipofu, ili awachezee. Someni wenyewe, mnajua nyumba ile iliishaje.

Nilimwambia mtoto ainuke. Nikawaambia wale watano wapime wao wenyewe, wakamaliza kwa zamu saa sita kasoro, na wakati ule nilijiona mwenye haki sana. Siku iliyofuata mwalimu wa nidhamu aliniita. Nilitazamia asante. Aliniuliza: "Sasa weye, tofauti yako nao ni gani? Umewapa kazi ileile." Nilikaa kimya. Sina jibu mpaka leo, nimeliweka hapa ili finalisti watakaokuja nyuma yangu walitafute.

JUMAMOSI IJAYO

Kwa mapatano na Papa Prefe, jioni ya burudani ya Jumamosi itakuwa na kazi tano za upuuzi, katika refektwari, baada ya chakula. Sheria ni hizi. Anayetaka kushindana aandike jina lake kwa mkono wake mwenyewe kwenye karatasi iliyobandikwa mlangoni mwa maktaba. Jina lililoandikwa na mwingine litafutwa. Wanaoruhusiwa ni finalisti na walimu tu. Walimu wawili wamekwisha kujiandika, wale wa chupa, na wanadai wawe katika kazi moja. Mtu anaweza kuondoka katikati ya kazi bila kueleza. Waamuzi watakuwa watatu, wote wa septième, na yule wa njiti ya kiberiti amekubali kuwa mkubwa wao, nilimwomba, sikumwamuru. Atakaa kwenye kiti cha Papa Prefe. Atatoa pwe anavyoona, na hakuna rufaa.

Kazi ya kwanza ninaichapa hapa, ili mpate muda wa kuichunguza neno kwa neno. Mwenye kuona kosa katika maandishi yake aje kuniona kabla ya Ijumaa saa kumi, baada ya hapo hakuna kubadilisha:

"Wekeni sambaza hizi ishirini ndani ya kikombe kwenye meza ya Papa Prefe. Msiziguse kwa mikono. Dakika sita."

Papa Prefe amekubali kutoa kiti na kutoa meza. Habari ya sambaza bado hajasoma.